Samli ya Mama Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, nyasi zilipokuwa ndefu kuliko akili, Tembo na Kifaru walikuwa majirani, na kila mmoja aliweka kwake chungu cha makaa ya moto, ati mwenzake akimchokoza tu, amchomee mbuga. Na mbuga yenyewe ni hiyo hiyo moja! Katikati yao, penye mawe, aliishi Mama Pimbi na watoto wake wachanga, usingizi hapati, upepo ukivuma kidogo moyo puu! puu!

Siku moja akawaita wote wawili. "Jirani zangu, zimeni, mtatuunguza!"

"Azime yeye kwanza!"

"Nizime nibaki mikono mitupu? Thubutu!"

Akabembeleza, akalia, mpaka wakaapa. Wakaenda, wakarudi: "Tumezima."

Mama Pimbi hakuwaamini. Asubuhi akaja na donge la samli juu ya jani, limeganda kwa baridi. "Kwetu sisi, nyumba iliyoapa hubarikiwa kwa samli. Shemeji Tembo, nipitishe kila pembe, Kifaru awe shahidi."

"Pita, bibie, pita!"

Mlangoni, samli imetulia. Ukumbini, imetulia. Kufika kitandani, chururuu! Ikayeyuka yote. Wakainama uvunguni: chungu hicho, kimezibwa kwa udongo, cha moto!

"Haa! Mwongo, masikio kama mikeka!" Kifaru akacheka mpaka akakaa chini.

Mama Pimbi akatoa donge jingine. "Sasa kwako, Shemeji Kifaru."

"Kwangu? Aa, kwangu leo kuna mgonjwa..."

"Mgonjwa gani, nawe unaishi peke yako?" Tembo akamsukuma ndani.

Ghalani, chururuu!

Wakatazamana. Pembe zikainuka. Kila mmoja akakumbatia chungu chake, tayari kukipasua, na upepo, mama yangu, unaelekea penye mawe! Mama Pimbi akaruka katikati, mdogo vile.

"Nani anataka chungu cha mwenzake kizimwe?"

"Mimi!"

"Mimi zaidi!"

"Basi badilishaneni! Kila mmoja akazime cha mwenzake mtoni, kwa mkono wake!"

Wakapokonyana, wakatimua mbio, gidi gidi gidi! Chwaaa! Chwaaa! Moshi mweupe ukatanda, vyura wakatukana.

Ndipo wakashtuka.

"Kumbe na changu kimezimwa?" Tembo akauliza.

"Na changu!" Kifaru akasema, wakaangua kicheko.

Mama Pimbi hakuwasikia, alikuwa anakoroma na wanawe.

Wanangu, kiapo kisichopimwa hakizimi moto.