Hati ya Wazimu wa Machano

Hapo zamani, mjini Kizimbwe, alikuwapo Machano, fukara hohehahe, mali yake ulimi na kishamba cha minazi. Basi Sultani Mundhiri akakitamani kile kishamba, akamzungushia Machano askari, akamwambia, "Tia kidole hapa, umeniuzia." Akatia kidole, akapewa kilemba kikuukuu, eti ndiyo thamani.

Mwaka ukapita, na kila asubuhi Machano husimama mlangoni pa jumba akinadi, "Jamani, nimeibiwa!" Sultani akaona haya mbele ya wageni wake, akasema, "Huyu ana wazimu. Na afungwe minyororo!"

Kadhi akasema, "Maulana, sheria yataka mashahidi."

Wakaletwa barazani, mbele ya wale wageni. Muuza kahawa akasema, "Wazimu anao, bwana kadhi. Akiwa na kikombe kimoja, humpa mwenziwe." Imamu akasema, "Hunikosoa hotuba!" Mke wa Machano, Bi Mize, akashika kiuno: "Alinioa mimi, nisiyejua kupika hata uji, na hata leo ananiita ua. Kama huo si wazimu, ni nini?"

Ikawa basi, mpenzi ana wazimu, mkarimu ana wazimu, na msema kweli ndiye kichaa wao mkuu.

Kadhi akauliza, "Wazimu huo ulimwanza lini?"

Sultani, kwa pupa ya kuyamaliza, akadakia, "Tangu tumboni mwa mamaye!"

Kadhi akaandika hati, akapiga muhuri. Askari wakasogea na minyororo. Machano akainama kwa adabu.

"Bwana kadhi, mwendawazimu akiuza kitu, biashara yake husihi?"

"Haisihi kabisa, ni batili."

"Basi shamba nililouza mwaka jana ni langu. Muhuri huo hapo, hata wino haujakauka."

Sultani akaruka kitini. "Mwongo! Huyu ana akili timamu!"

"Ahsante, Maulana. Kama ninazo, basi madai yangu ya kuibiwa yasikilizwe sasa hivi, mbele ya wageni."

Sultani akamtazama kadhi. Kadhi akatazama boriti. Mgeni mmoja akakohoa, tena kikohozi chenye kicheko ndani yake.

"Mrudishieni mwendawazimu huyu shamba lake!" Sultani akanguruma. "Na minyororo hiyo kafungieni ng'ombe!"

Machano akaenda zake na hati kwapani. Tangu hapo akawa husema alitakalo barazani, na hakuna wa kumgusa, maana wazimu wake una muhuri. Ijumaa iliyofuata kadhi alipofungua mlango, akakuta nusu ya mji imepanga safu, kila mtu na mashahidi wa wazimu wake.