Mbwa Aliyefungiwa Mchana

Mfano huu ulitolewa kwanza na mwinjilisti Elinami Mbwambo, kwenye matanga ya kaka yake huko Upareni, mwaka ule mafuriko yalipochukua daraja la chini. Waliokuwapo wanasema aliusimulia akiwa ameinamisha uso.

Mtu mmoja alikuwa na mbwa. Mtu huyo aliitwa Zefania, mkulima wa tangawizi, na mbwa wake alimpa jina la Mtanikoma, ili kila amwitapo majirani wasikie. Na kwa kuwa watu wa kule huamini kwamba mbwa asiyeona jua huwa mkali, alimfungia tangu angali mdogo katika kibanda kilichozibwa mbao pande zote, akawa anamtoa jioni tu, amefungwa kamba. Fimbo ilikaa mlangoni. Mbwa akakua akirukia kila kitu: mtu, kuku, hata jani lililopeperushwa na upepo. Majirani wakaiacha njia, wakapita bondeni. Zefania akaona ameheshimika.

Ndipo binti yake, Naetwe, aliyeolewa mbali, alipokuja na mwanawe wa kwanza ili babu amwone. Mbwa akakata kamba, akamng'ata mtoto mguuni. Naetwe akaondoka siku hiyo hiyo, akasema hatarudi maadamu mbwa yule yupo. Zefania akatafuta sumu. Mkewe, Nakundwa, akaomba mbwa aachiwe yeye.

Nakundwa akabandua ubao mmoja wa kibanda, mwanga uingie. Akakaa mbali, akampa mbwa mgongo, akawa anatupa matonge ya ugali yaliyochovywa mchuzi wa dagaa. Mbwa alipouzoea mgongo, Nakundwa akabandua ubao mwingine. Kisha akamwomba jirani apite kule kule bondeni, mbwa amwone tu. Na kabla hajabweka, tonge likaanguka mbele yake. Baadaye jirani akapita karibu kidogo. Mbwa akitetemeka, Nakundwa hakumkaripia. Alirudi naye nyuma mpaka pumzi zikatulia, wakaanza tena. Mvua za vuli zikaja, zikaisha. Mwishowe mbwa akakaa uani bila kamba, watu wakipita, naye akimtazama Nakundwa kama anayeuliza na kujibiwa.

Naetwe akaitwa. Akaja na mwanawe, mbwa akanusa kikapu chake, akalala. Zefania akafurahi mno, akatoka ndani kwa kishindo, akainua mkono atundike kofia yake msumarini. Mbwa akajibanza chini, akajikojolea. Na Naetwe, mwanamke mzima, akainamisha shingo na kumkinga mwanawe kwa kiwiko. Wote wawili kwa wakati mmoja.

Nakundwa akasema, "Hakuwahi kuwa mkali, Baba Naetwe. Alikuogopa wewe, akawang'ata wengine."

 Mkono wa Zefania ulibaki juu, kwa kuwa hakujua aushushe vipi asiwatishe tena.

Tangu hapo alionekana kando ya njia, ameupa ua wake mwenyewe mgongo, tonge mkononi, akimwita mbwa kwa sauti ndogo, kwa jina alilokuwa amewawekea majirani. Nao, waliokuwa wameirudia njia ile, wakamwitikia, "Tumekoma, mzee!" wakapita wakicheka. Alivumilia. Hakuinua macho. Ikafika siku akahisi pua yenye unyevu kwenye vidole vyake, na tonge likachukuliwa.

Lakini mbwa alibanduliwa mbao. Binti aliyelelewa chini ya fimbo ile ile, ni nani wa kumbandulia, na kwa tonge gani?

Zefania amekwisha kufa, na mbwa alimtangulia. Nakundwa yu hai. Naetwe naye yu hai, na hata leo mtu akiinua mkono karibu naye, shingo yake huinama kwanza.