Kamba Kinyozi na Watoto Wasionusa

Hapo zamani za kale, wala si za kale sana, maana bahari ilikuwa imeshaanza kupata homa, palikuwa na mwamba mmoja uitwao Mwamba Chano. Mwamba ule ulikuwa mji. Samaki walikuwa na nyumba zao, majiko yao na ugomvi wao wa majirani. Mlango wa kuingilia kutoka bahari kuu ulikuwa mmoja tu, ufa kati ya mawe mawili.

Sikilizeni vizuri, kwa sababu mambo yote yalitokea hapo mlangoni.

Samaki wa mwamba hawalei wachanga nyumbani. Mayai yakipasuka, mkondo huwachukua watoto mpaka bahari kuu, wakakulie huko. Likifika bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, watoto hurudi. Hakuna anayewaonyesha njia. Hufuata harufu ya kwao, kama ninyi mnavyofuata harufu ya mandazi.

Lakini huko nchi kavu watu walichoma moto, wakachoma tena, na moshi wao ukanywewa na bahari. Maji yakapata joto, kisha yakachacha. Joto likawafanya watoto wakue mbio mbio, wembamba, wenye njaa isiyoisha. Uchachu ukawaziba pua. Mtoto alipita mbele ya nyumba yao asiijue, akamkuta adui akamdhania shangazi.

Aliyefurahi ni Bwana Chewa, samaki mkubwa mla wenzake. Huyo alikuwa na kinywa cha kuingia sufuria ya pilau na mfuniko wake. Alikuja akakiweka kichwa chake kwenye ule ufa, akauziba wote, mwili ndani, kinywa nje. Akaachama, akangoja. Watoto wakaja wenyewe.

"Hodi, mama!" walisema.

"Karibuni, wanangu," alijibu Chewa. Lap!

Bi Kitatange, samaki mdogo mwenye milia ya manjano, alikuwa amepoteza watoto wa mabamvua mawili kwa namna hiyo. Bamvua la tatu lilikuwa kesho yake. Naye alikuwa amezeeka, hana mayai tena. Wakiliwa hawa, basi. Akaenda kwa Kamba, mdudu wa baharini mwenye miguu mingi.

Kamba alikuwa kinyozi. Ndivyo walivyomwita, ingawa samaki hana nywele. Kazi yake ilikuwa kuingia vinywani mwa wakubwa, kuwachokoa meno na kuwatoa chawa kwenye mashavu, pale maji yanapotokea samaki akivuta pumzi. Alikuwa na urefu wa kidole, na maneno ya kumjaza nyangumi.

Sheria ya kazi yake hata papa aliiheshimu. Kinyozi akiwa kinywani, kinywa hakifungwi mpaka atoke mwenyewe na kusema "Tayari." Atakayefunga hasafishwi tena na kinyozi yeyote. Baba mkubwa wa Chewa aliwahi kufunga. Chawa walimla mashavu mpaka akakata pumzi.

"Ndugu yangu," alisema Bi Kitatange, "wanangu wanakuja kesho. Ni wa mwisho. Nimechoka kulia."

"Pole, jirani. Hebu niambie, Chewa anajua kwa nini watoto wanamwendea?"

"Anajisifu mji mzima! Anasema ni harufu tamu ya kinywa chake."

Kamba akacheka, ke ke ke! "Na anaamini?"

"Anaamini kabisa."

"Basi nenda katandike vitanda. Kesho maji yakijaa, kaa nyuma ya shavu lake."

Asubuhi Kamba akampitia Chewa mlangoni, kijiti cha meno kwapani.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Njoo kesho. Leo nina wageni."

"Nimesikia, bwana. Napita tu." Akanusa, mff, mff! Akarudi nyuma hatua mbili. "Mama wee!"

"Nini?"

"Si kitu, bwana."

"Sema, mdudu wewe!"

"Kuna kipande cha samaki changu kwenye jino la nyuma. Kimelala siku tatu, nadhani. Lakini mimi ni nani wa kumsema bwana mkubwa? Wageni watanusa wenyewe. Wakipenda wataingia, wakipenda watageuka."

Chewa akajipapasa meno kwa ulimi. Sifa zake zote mjini zilisimama juu ya harufu ile. Kumbe watoto hawakuwa wakinusa chochote, si tamu si chungu, lakini hilo yeye hakulijua, na mwenye majivuno haulizi.

"Kitatoka upesi?"

"Kufumba na kufumbua. Achama, bwana."

Chewa akaachama, aaaa! Kamba akaingia na kijiti chake, chwi, chwi, chwi. Akachokoa jino la kwanza. Akachokoa la pili. Akaanza kuimba.

Mara wakatokea watoto wa Bi Kitatange, arobaini hivi, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele, mbavu nje.

"Hodi, mama!"

"Aa! Aa-haa!" alisema Chewa.

"Tulia, bwana, nimekishika!" Kamba akageuka, akapaza sauti. "Karibuni, wanangu! Piteni moja kwa moja! Msikae sebuleni, panasafishwa. Tokeeni uani, chakula kiko huko!"

Kusikia chakula, watoto wakaingia mbio. Wakapita juu ya ulimi, wakakata kona, wakatokea kwenye pengo la shavu, pwa, pwa, pwa! Chewa macho yakamtoka. Kitoweo kilikuwa kinamtembelea ulimini, kinamtekenya, naye hawezi kufunga. Alimkumbuka baba yake mkubwa. Mate yakamjaa.

Mmoja wa mwisho akasimama katikati. "Mama, mbona nyumba yetu ina meno?"

"Ni ukarabati, mwanangu. Pita!"

Akapita. Kamba akatoka nje, akajipangusa miguu.

"Tayari, bwana."

LAP! Chewa akameza maji matupu. "Wako wapi?"

"Wametokea uani."

"Uani wapi?"

"Kwenye shavu lako. Nyumba yako ina milango miwili, bwana, hukuwa na habari?"

"Nitakutafuna!"

"Nitafune. Nani atakutoa chawa?"

Mji mzima ulikuwa unacheka mapangoni, na mimi ningeweza kuishia hapa, tukalale sote na furaha. Lakini hadithi haikuishia hapo.

Huko ndani Bi Kitatange aliwafungulia mapezi. "Wanangu! Karibuni nyumbani!"

Watoto wakamtazama. Wakanusa. Hawakusikia harufu yoyote.

"Wewe nani?" aliuliza mmoja.

"Mama yenu."

"Hapana. Mama yetu ni yule mwenye nyumba kubwa."

Wakaanza kugeuka. Naye Chewa, taratibu, alijivuta kutoka kwenye ufa, akaleta kinywa upande wa ndani. Hakusema karibu. Aliachama tu.

"Washike!" alipiga kelele Bi Kitatange. Kamba akaja mbio, akawavuta mikia, huyu huku, yule kule. Mama akawasukumiza mmoja mmoja pangoni, akawabana ubavuni mwake, milia yake mbele ya macho yao. "Tazameni! Kama pua zimekufa, tazameni! Manjano, nyeusi, manjano. Huyu ndiye mama." Alikuwa analia huku akisema. Wengi walitulia. Watatu walichopoka.

Lap. Lap. Lap.

Jua lilipopanda, Chewa alikuja mbele ya pango la kinyozi. Hakuwa na hasira tena.

"Kamba, akili unazo, nakupa heko. Nikuulize kitu kimoja. Bamvua lijalo watakuja watoto wa majirani, pua zao vilevile. Hata ukinidanganya mimi tena, hizo pua utazizibua vipi?"

Kamba alifikiri. Alifikiri tena. Yale maneno ya kumjaza nyangumi hayakuja.

"Sijui," alisema.

"Wala mimi sitajisumbua," alisema Chewa. "Nitaachama tu. Kazi inafanywa na maji."

Ndiyo hivyo, wasikilizaji wangu: mwenye nguvu hudanganyika, lakini maji yaliyoharibika hayadanganyiki.