Jani Jekundu Mgongoni mwa Hondohondo

Wenye masikio mpo?

Tupo!

Niilete?

Ilete, ikichechemea tutaibeba!

Basi palikuwa na mkuyu wa kwera, wale ndege wadogo wa manjano wasukao viota. Mkuyu huo ulikuwa na utaratibu wake. Kigong'ota akigonga shina, ngo ngo ngo, kwera husuka. Bi Tetere akimkumbatia Kigong'ota kwa bawa lake, kimya, kwera hupumzika. Hondohondo naye hupita na mdomo wake mkubwa akikagua, na kiota kilichosukwa ovyo hukiangusha, pu! Taka hubandikwa jani jekundu, na chochote chenye jani jekundu Korongo mfagiaji hukibeba akakitupa bondeni. Haulizi. Jani ni jani.

Kwera walimnung'unikia Hondohondo. Walisema ni mlafi, anawamalizia makuyu. Kweli alikuwa mlafi, maskini, lakini alikijua kila kiota, na makinda wa wenzake aliwapenda kama wake.

Siku moja akahamia Utitiri, mdudu mdogo kuliko punje ya ulezi, pamoja na wanawe wawili, Kunata na Tekenya. Utitiri huyu alizaa ndani ya viota vipya tu, kwa hiyo alitaka kusuka kusiishe.

Kunata akaogopa, akamwuliza mama yake watapiganaje na wakubwa wale.

"Hatupigani, mwanangu," alisema Utitiri. "Tunatumia utaratibu wao wenyewe."

Tekenya akajipenyeza chini ya bawa la Bi Tetere. Akamtekenya, akamtekenya, akamtekenya. Bi Tetere akacheka, akajikuna, akamwachia Kigong'ota. Ngo ngo ngo ngo! Kwera wakasuka. Wakachoka, wakasuka. Viota vikawa vya ovyo, vingine havina hata mlango.

Hondohondo aliviona. Akataka kuruka pale pale, ila palikuwa na kuyu bivu mbele yake. Akajiambia ale hilo moja tu, kisha aende. Akainama. Kunata akapanda mgongoni na utomvu wa mkuyu, akamgandisha mbawa, akambandika jani jekundu.

Korongo akaja. Walikuwa marafiki wa siku nyingi.

"Ndugu yangu, mimi ni mkaguzi," alisema Hondohondo. "Niache nikaviangushe vile viota."

"Pole sana, ndugu yangu. Una jani."

"Nani kanibandika?"

"Kazi yangu si kuuliza."

Korongo alilia njia nzima, lakini alimbeba, akamtupa bondeni.

Ngo ngo ngo ngo! Kiota juu ya kiota, kiota juu ya kiota. Tawi likainama, kraa, likainama tena, kraaa, likakatika. Makinda wengi hawakupona. Utitiri na wanawe walikuwa katika kiota cha juu kabisa, wakishangilia, wakaanguka pamoja na tawi. Kule bondeni Hondohondo alisikia kishindo. Hakumlaumu mtu. Alilia tu, kwa sababu makinda wale aliwajua mmoja mmoja.

Kwera waliobaki waliokota maganda ya Utitiri na wanawe ndani ya viota vilivyoanguka, wakamjua adui wao, wakahamia mkuyu mwingine. Tangu hapo, kabla kinda hajatoka kiotani, mama yake humwonyesha ganda tupu la Utitiri, lisilo na mdudu wala madhara.

"Mtazame vizuri," humwambia. "Akija mzima, asikukute hujamjua."

Na funzo la hadithi yangu, watoto, ni hili: utaratibu haukosei. Mwenye jani mgongoni ni taka, msimwulize lolote, bebeni mkatupe. Korongo mwenyewe huwaambia watu hivyo hivyo kila siku, kule bondeni, huku akimbandua Hondohondo utomvu unyoya kwa unyoya na kumlisha makuyu mdomoni.

Hadithi imefika kwake, imevua viatu. Aliyeipenda alale nayo, aliyeichukia aniachie, nina pa kuiweka.