Zimwi Aliyesikiliza Michi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa kinu?

— Na mchi wake!

Na mwenye unga?

— Hayuko kinuni!

Basi sogeeni karibu, hii si ya kusikiliza peke yako.

Hapo kale palikuwa na zimwi, tajiri wa ghala la mahindi. Kijiji kizima kilimtwangia. Jioni alimpa kila mtu kibaba cha unga, na papo hapo akachukua nusu yake, kodi ya nyumba, maana nyumba nazo zilikuwa zake. Watu wakasema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Ndivyo tunavyojifariji, sivyo?

Zimwi hakuweka msimamizi. Alilala ghalani kafumba macho, akisikiliza. Tu, tu, tu. Kila mchi aliujua kwa mlio wake. Mchi ukisita, mwenyewe hutolewa nyumbani jioni ile ile, na nje ya ua walikuwako fisi.

Nyamizi, mama wa watoto wadogo, alitwanga kinu kimoja na jirani yake Kalunde. Siku moja Kalunde akashikwa na homa. Mchi wake ukachelewa. Ukachelewa tena. Ukachelewa mara ya tatu. Ghalani, kitanda kikalia.

"Nani anasita?" zimwi akanguruma.

Nyamizi akamtazama Kalunde.

"Wewe twanga tu, dada," Kalunde akanong'ona. "Una watoto. Mimi niache."

"Leo wewe, kesho mimi," Nyamizi akasema. Aliogopa, jamani, aliogopa kweli. Akauinua mchi wake juu, asiushushe.

Kinu cha pili wakamwona, wakainua. Cha tatu wakainua. Kijiji chote kikanyamaza.

Zimwi akatoka. Alifananaje? Sisemi, watoto watakosa usingizi. Akamsogelea Nyamizi mpaka pumzi yake ikamchoma shavu.

"Nani amenyamaza?"

Kimya.

Angenyamaza mmoja, angemjua. Wamenyamaza wote, amtoe nani? Akiwatoa wote, nani atamtwangia? Tangu azaliwe hajashika mchi. Tumbo lake likanguruma, wote wakalisikia.

"Semeni mnachotaka," akasema, sauti imepungua.

"Kibaba kizima kifike nyumbani," Nyamizi akajibu. "Na mgonjwa alale."

Akakubali. Si kwa huruma, msidanganyike. Tangu siku ile zimwi halali tena. Anakaa macho usiku na mchana, akikiogopa kimya.

Hadithi yangu nimeitwanga ikalainika. Unga chukueni ninyi, pumba niachieni mimi.