Nyegere Aliyesema na Gogo

Paukwa!

Pakawa!

Hee, hiyo ni sauti ya wenye njaa. Walioshiba nao waitikie. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapitiana majumbani kujuliana hali, aliishi Nyegere na mkewe, Bi Nyegere, na mtoto wao mmoja, Tunu. Nyegere mnamjua. Mfupi, mgongo mweupe, ngozi ngumu, kucha ndefu, na ubishi usiokwisha. Kazi yake ilikuwa kurina asali.

Rafiki yake wa kazi alikuwa Mlembe, ndege mdogo anayejua nyuki wamejificha mti gani. Mlembe ana macho, hana kucha. Nyegere ana kucha, hajui pa kwenda. Basi Mlembe huruka mbele, chee-chee-chee! Nyegere hufuata chini, puku-puku-puku! Wakifika, Nyegere hupasua mti, nyuki wakamuuma, yeye akacheka.

Walikuwa na desturi yao. Sega la kwanza haliliwi. Linawekwa juu ya jiwe bapa kando ya njia, na Nyegere anasema kwa sauti, "Uliyetupatia, hili lako." Husimama hapo, akasema na Mola wake mazuri ya siku na mabaya yake. Akimaliza, Mlembe hushuka akala.

Nani huyo anacheka? Unataka kujua kama Mungu anakula asali. Hali, mwanangu. Aliyekula ni Mlembe. Lakini Nyegere alikuwa na pa kusemea, na akirudi nyumbani kifua chake kilikuwa chepesi.

Ikaja masika. Mvua, mvua, mvua. Mto ukafurika, shwaaa! Tunu alikuwa anacheza ukingoni. Nyegere alimsikia akiita, "Baba!" Akakimbia. Akakimbia kweli kweli. Alipofika hapakuwa na mtoto. Palikuwa na maji tu.

Mvua zilipopungua, Mlembe alimwongoza tena mpaka kwa nyuki. Nyegere akarina. Kisha akalipita jiwe kama halioni.

"Rafiki yangu," Mlembe akaita, "umesahau sega."

"Sijasahau," Nyegere akasema. "Miaka yote nimempa lililo lake. Yeye amechukua langu. Hapati tena, na mimi sisemi naye tena."

Akalibeba lile sega pamoja na mengine, akayaficha yote ndani ya gogo lenye uwazi, nyuma ya nyumba. Mwenyewe hakuwa na hamu ya kula. Aliweka tu, kwa hasira. Ikanyesha mvua kidogo, maji yakaingia gogoni. Jua likawaka. Asali ikaanza kuchacha, fwu-fwu-fwu, povu likapanda mpaka mdomoni mwa gogo.

Nyegere akaonja. Kali kidogo. Akaonja tena. Akanywa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Tangu siku ile ya Tunu, Nyegere alikuwa anausikia mto masikioni. Akila, shwaaa. Akilala, shwaaa. Akiwa mbali na mto, shwaaa. Alipokunywa ile pombe ya asali, mto ukanyamaza. Nyie mngefanyaje? Alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu masika. Alipoamka mto ukarudi, tena kwa kelele zaidi. Akaenda gogoni.

Fisi akaja mbio, maana pua ya Fisi haihitaji kualikwa.

"Kunywa, kaka!" Fisi akasema, na yeye anajimiminia. "Dunia yenyewe hii!"

Nungunungu naye akaja, miiba imesimama. "Aibu! Mume mzima! Dawa yake ni kumwaga!" Akalipiga gogo teke, pombe yote ikamwagika, chwaa! Akaondoka amejaa sifa.

Pombe ilimwagika. Mto je? Mto ulibaki pale pale masikioni. Nyegere akarina tena, akajaza gogo tena. Akamwagiwa. Akajaza. Mlembe alimwongoza siku zote hizo, na hakupewa hata kipande, lakini hakuacha kuja.

Nyumbani Bi Nyegere alikuwa mjamzito, mzito sasa, na chakula hakuna. Mume analala gogoni, mke analala njaa. Asubuhi moja akamwamsha. "Baba Tunu, amka. Mtoto tumboni anataka kula."

"Kesho," Nyegere akasema, macho yamefumba.

"Ulisema kesho jana."

Bi Nyegere akamwita Mlembe, akaenda kurina mwenyewe, na tumbo lake lile. Kupanda hawezi vizuri. Kukimbia hawezi kabisa. Nyuki wakamvamia usoni, vuuuu! Nyegere alisikia kwa mbali mke wake akimwita. Akajaribu kusimama, miguu ikagoma. Akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka tena. Alimsikia akiita kama alivyomsikia Tunu, na safari hii hata kukimbia hakukimbia.

Bi Nyegere alirudi nyumbani kwa kupapasa njia. Macho yote mawili yalikuwa yamevimba, yamefumba. Mkononi hakuwa na kitu. Akaingia ndani, akalala.

Pombe ilipomtoka, Nyegere alikaa kando ya gogo, anatetemeka. Mlembe akatua juu ya gogo.

"Njoo na wewe unikemee," Nyegere akasema. "Wote wameshanikemea."

"Sikukemei. Nakuuliza. Ukinywa, unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Na usipokunywa?"

Nyegere akainamisha kichwa. "Nausikia mto. Na ndani ya mto namsikia Tunu."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Aliyemchukua ndiye wa kuambiwa."

"Basi mwambie."

"Sisemi naye!"

"Ndiyo maana unasema na gogo," Mlembe akasema. "Moyo haukai bila pa kusemea, rafiki yangu. Umejifungia mlango mmoja, sasa unagonga mwingine kila siku. Huo mwingine, ndani hamna mtu."

Nyegere alikasirika, akasimama, akaenda zake, puku-puku-puku, mpaka kwenye jiwe. Hakuwa na sega. Alikwenda na hasira yake tu. Akapaza sauti msitu mzima ukasikia.

"Kwa nini Tunu? Kwa nini Tunu wangu? Mimi nilikukosea nini?"

Akasema yote. Mengine siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Hakujibiwa. Mto haukunyamaza. Lakini alilia, na tangu masika hakuwa amelia hata mara moja.

Alipojifuta machozi ndipo akaliona jiwe vizuri. Juu yake palikuwa na vitu. Mizizi mikavu. Tunda lililosinyaa. Mbawakawa mmoja. Vyote vimepangwa vizuri, katikati ya jiwe, pale pale pa sega.

"Nani ameweka hivi?" akauliza.

"Mimi." Alikuwa Bi Nyegere. Aliisikia sauti ya mumewe, akaja anapapasa. "Asali sikuwa nayo. Niliweka nilichopata."

"Na njaa yako hiyo?"

"Nilikuwa nakuja kuuliza hayo hayo unayouliza wewe. Tunu alikuwa wangu pia."

Nyegere alidhani anausikia mto peke yake. Akamshika mkewe mkono, wakasimama pale jiweni wawili, wakauliza pamoja.

Msidhani kiu iliisha siku hiyo. Haikuisha. Walilipindua gogo likalala mdomo chini, lakini siku nyingine Nyegere alijikuta amesimama karibu nalo, na Fisi anaita, "Kaka!" Hapo alikuwa anageuka, anakwenda jiweni, hata mikono mitupu, anasema mpaka miguu itulie. Macho ya Bi Nyegere yalifunguka kwa wakati. Wa kwanza kumwona mtoto mchanga alikuwa yeye. Na sega la kwanza la msimu ule, Nyegere aliliweka juu ya jiwe, na Mlembe akala mpaka akashindwa kuruka.

Enyi wakubwa mnaojifanya mmelala, na nyie wadogo, funzo ni hili. Mlevi ana kiu, lakini si ya pombe. Ana neno rohoni ambalo hajamfikishia Mola wake, na pombe inamsaidia asilisikie. Ukimwaga pombe yake bila kumuuliza neno hilo, atajaza tena. Na wewe unayekunywa, liseme, hata kama ni la hasira. Mungu anavumilia hasira. Gogo halina masikio.

Ngano yangu naiacha hapa juu ya jiwe. Apitaye aionje.