Fisi Alivyomdai Pimbi Kortini

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa korti isiyo na paa, hakimu asiye na haraka na askari asiye na haya. Kaeni. Na wewe uliyejikunyata nyuma, masikio ni yako, tega mwenyewe.

Alikuwepo Pimbi mmoja, mdogo, hata ndevu hajaota. Alikamatwa shambani kwa Bibi Kanga, kunde zimemjaa mashavuni. Akatiwa mahabusu ya watoto, na mlinzi wa mahabusu hiyo alikuwa Fisi. Ndiyo, Fisi, alinde watoto. Msiniulize nani alimwajiri.

Kila siku ya kesi Fisi alimfunga mtoto kamba kiunoni, akampeleka kortini. Kwenda walikwenda wawili. Kurudi alirudi mmoja. Akiulizwa, "Mtoto yuko wapi?" hujibu, "Katoroka!" huku akijilamba.

Zamu ya Pimbi ikafika. Wakashika njia, Fisi mbele, Pimbi nyuma. Mate ya Fisi, cho! cho! cho!

"Mjomba, mbona unalia kwa mdomo?"

"Nyamaza, mwanangu. Nakuhurumia tu."

"Na kurudi tutapita njia hii hii?"

"Tutapita kichakani. Kuna kivuli."

Pimbi akaelewa. Hakulia. Kilio hakijawahi kukata kamba.

Sasa, korti ile ilikuwa na desturi yake: mtoto haadhibiwi, huadhibiwa mwenye mtoto. Ndiyo maana kesi ikiitwa, wazazi wote huwa safarini. Mama yake Pimbi alisafiri tangu jana. Mwenye mtoto asipoonekana kesi huahirishwa, na mtoto hurudishwa kwa Fisi. Fisi mwenyewe desturi hiyo hakuijua, kwani siku zote hungoja nje, akitafuna mifupa.

Pimbi akasimamishwa mbele ya Hakimu Nyati, anayecheua, chaku-chaku, chaku-chaku.

"Mwenye mtoto yuko wapi?"

Pimbi akapaza sauti ifike mpaka nje. "Sina mwenyewe, Mheshimiwa! Anitakaye na anichukue!"

Puruu! Fisi huyo ndani, mfupa ungali mdomoni.

"Ni wangu!"

"Wako tangu lini, mlafi wewe?" akafoka Bibi Kanga.

"Msimsikilize, Mheshimiwa," akasema Pimbi. "Nikabidhini kwa Chui. Yuko pale mlangoni, ananitazama kwa mapenzi."

"Ni wangu!" Fisi akaruka. "Njiani wangu, kortini wangu, unyayo mpaka masikio wangu!"

Nyati akaacha kucheua.

"Wako peke yako?"

"Peke yangu! Simgawii mtu!"

"Alhamdulillahi," akasema Nyati, "leo mwenye mtoto kapatikana. Fisi, utamlimia Bibi Kanga mpaka kunde zake zizae tena. Na kulala, utalala mahabusu."

Fisi akafungua mdomo, mfupa ukaanguka, ko!

Kamba ikafunguliwa kiunoni mwa Pimbi, ikafungwa kiunoni mwa Fisi. Hakimu akatazama huku na huku. "Nani atampeleka?"

"Nitampeleka mimi, Mheshimiwa," akasema Pimbi kwa adabu zote. "Ni baba yangu."

Akaishika kamba, akatangulia mbele. Na hawakupita kichakani.

Funzo je? Watoto, mkifikishwa kortini fungeni midomo, wakubwa wanajua linalowafaa. Nanyi wakubwa, endeleeni kuwapenda watoto wa wenzenu.

Ngano yangu imefika ukingoni. Palipo tamu kombeni, palipo chachu niachieni, nitalia ugali.